Televizyo Imemusalimia Neema

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe. Aliyenivua ni televizyo.

Munajua muke wangu Neema alituacha. Leo tulikuwa tunaondoa matanga. Mama mukwe alifika asubuhi kutoka Katogota pamoja na shemeji, na neno moja mudomoni: kumubeba Riziki, binti yetu wa miaka tano, akalelewe kule.

"Mwanaume peke yake hawezi mutoto wa kike," akasema.

"Mama, minye naweza yote. Kupika najua. Kusuka nywele najua tangu zamani." (Uongo mutupu! Riziki nilikuwa nimemufunga kitambaa kichwani makusudi.)

Nikaona anaanza kulegea. Roho ikatulia.

Sasa, tangu kifo televizyo ilikuwa imefunikwa kitenge, maana nyumba ya kilio haiwashi kitu. Mama mukwe akakitoa mwenyewe, akakikunja. "Washeni, tusikilize kwaya."

Hiyo televizyo Neema aliinunua Kavimvira, akaifungua kwa konti yake, ileile ya telefone yake. Minye nilipoambiwa mashine hizi zinapeleleza watu, nilikata enternet kabisa. (Mujanja mimi!) Kumbe ilijishikia kimyakimya wifi ya jirani, isiyo na kode ya siri.

Shemeji akachomeka flash yenye kwaya, akawasha. Kwaya hakuna. Kukatokea maandishi makubwa: "Bonjour Neema!"

"Yesu wangu! Mwanangu!" Mama mukwe akapiga ukelele. Shemeji akaangusha telekomandi.

Chini ya jina, televizyo ikapanga video zote nilizoangalia kwa telefone ya marehemu. (Natumia yake. Sikutaka izimike.) Shemeji akaanza kusoma kwa sauti, nani alimutuma?

"Kusuka mutoto nywele, somo la kwanza. Somo la kwanza. Tena somo la kwanza... Shemeji, weye la pili hujalifikia?"

Watu wakacheka.

"Kuondoa harufu ya samaki ndagala zilizoungua."

Wakacheka hadi kushika mbavu. Nilitamani ardhi inimeze. Halafu akafika ya mwisho, sauti ikapungua: "Mutoto akiuliza mama atarudi lini, ujibu nini."

"Na weye ulimujibu nini?" mama mukwe akaniuliza.

"Sijamujibu, mama. Ile video sikuweza kuimaliza."

Nikalia. Mbele ya wakwe, mwanaume mzima, na kamasi!

Mama mukwe akamuvuta Riziki, akamufungua kitambaa. Akaangalia kazi ya mikono yangu. Akafunga macho.

"Mutoto anabaki," akasema. "Lakini hiki kichwa, hapana. Lete kitana, baba Riziki. Kaa hapa, uangalie mikono yangu."

Nimekaa chini kama mwanafunzi mpaka saa kumi.

Walipoondoka, nikachomoa waya wa huyo mupelelezi kwa hasira yote.

Sasa hivi nimeurudisha. Tafadhali musinicheke: humu nyumbani, ni nani mwingine angali anamwambia Neema bonjour?