Malalamiko Dhidi ya Dada Yako Kuhusu Kibubu Changu

Shemeji Mkubwa,

Salamu zikufikie wewe na wote wa nyumbani kwako. Huku sote tu wazima, isipokuwa amani, ambayo inaumwa.

Nakuandikia wewe kwa sababu siku ya posa ulisema mbele za watu kwamba likitokea jambo nisimpigie dada yako kelele, nije kwako. Jambo limetokea.

Unakifahamu kibubu changu, lile sanduku la chuma kando ya kitanda, lenye tundu la kupitisha sarafu na basi. Mlango halina. Nililichomelea pande zote mwenyewe nilipolipwa kwa geti langu la kwanza, nikaapa halitakatwa mpaka lijae. Kila jioni nikitoka karakana, chenji yote ya mfukoni inaingia humo. Sivuti sigara, sichezi kamari, simwombi mtu. Wenzangu wana mpira, mimi nina kibubu. Sasa sikia ninavyotendewa.

1. Dada yako anakiita mke mwenza. Nilimweleza kwa upole kwamba kilitangulia kuingia nyumba hii miaka mitatu kabla yake. Sikukusudia ubaya, nilikuwa nataja tarehe tu. Tangu hapo kila asubuhi anakiinamia: "Shikamoo bi mkubwa, umeamkaje? Bwana alikulisha jana?" Watoto nao wamedaka. Yule wa mwisho anakipa mkono.

2. Duka lake, kama ujuavyo, liko chumba cha mbele. Anadai wateja wanamkimbia kwa kukosa chenji, na kwamba sarafu za mtaa mzima zimelala chumbani kwetu. Nikamtaka atoe hesabu. Akatoa. Sikuridhika nayo, ingawa ilikuwa sahihi.

3. Kwa kukosa chenji anawarudishia watu peremende. Sawa, ndiyo biashara. Lakini mimi mumewe, ninayenunua mkate kwake kwa fedha taslimu ili nisimtie hasara, nami napewa peremende! Nikamuuliza, hii nitaiweka wapi? "Mlishe bi mkubwa." Nikaitumbukiza, maana haki yangu ni haki yangu hata ikiwa na ladha ya ndimu. Sasa sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani hadi kwenye tundu, na ndio pekee katika nyumba hii wanaoingia na kutoka humo bila kuulizwa.

4. Amependekeza tubadilishane, yeye anipe noti, mimi nimpe sarafu, thamani ileile. Shemeji, wewe ni mtu mzima. Noti mia moja zinaingia kwenye kiatu. Sarafu za thamani hiyo hunyanyui peke yako. Sasa fedha nyingi ni ipi hapo? Mimi kazi yangu chuma. Kitu kisicho na uzito sikiamini.

5. Nilipokataa, akabandika karatasi mlangoni pa duka: "Chenji zote ziko kwa baba. Gonga dirisha la chumbani." Na wanagonga! Jumapili nimejilaza, kinyozi ananiita, "Mzee wa benki, nichenjie hii!" Nikavuta shuka hadi kichwani. Akamwambia mwenzake, "Benki imefungwa, ila meneja namsikia anapumua."

6. La mwisho ndilo linaloninyima raha. Ameniambia, tena bila ukali, na hapo ndipo nilipoogopa, kwamba mwezi ukiisha hali ikiwa hii hii atahamishia duka barazani kwako, na duka litakapolala ndipo naye atalala. Mizani ameshaiteremsha.

Hivyo basi naomba, kwanza, umwamuru abandue karatasi. Pili, hilo baraza usimpe, hata akilia. Tatu, kikao cha familia kikitambue kibubu kuwa mwanafamilia kamili, asiyeweza kupasuliwa bila ridhaa yake. Na kwa kuwa ni bubu, mimi nitamsemea.

Mama msalimie sana. Wasalimie na wajomba, hata yule aliyecheka viatu vyangu siku ya posa.

Ni mimi, mtiifu na mdhulumiwa,
Shemeji yako, fundi mageti.

N.B. Shemeji, usije. Barua hii imekaa mfukoni siku nne, na siku ya pili dada yako akaanza kung'oa rafu. Nilikwenda karakana nikarudi na msumeno wa chuma. Sarafu zimejaa beseni mbili. Noti alizonipa nimezishika tangu juzi na hakuna iliyopeperuka. Duka limefurika, mwenyewe anaimba. Ila jana chenji zilipungua tena, nikapeleleza, nikagundua fundi viatu wa kona ana kopo zima amelifukia chini ya stuli yake! Nimemwendea mwenyewe, nikamweleza kwa adabu kwamba mtu mzima kulalia chenji wakati mtaa unahangaika ni ubinafsi. Hakunielewa kabisa. Shemeji, kuna watu wagumu!