Ukweli Chini ya Mkunjo

Wananchi wote wanafahamishwa kwamba afya imeboreshwa. Tangazo hilo lilitolewa na Mkurugenzi wa Idara ya Lebo za Vyakula, mbele ya kamera, kitambi kikitangulia na yeye akifuata.

Kwa utaratibu wake mpya, kila kiwanda kilikuwa huru kuandika sifa yoyote usoni pa pakiti kwa herufi kubwa, ilimradi ukweli nao uandikwe. Ukweli ulitengewa mahali pake pa heshima: kitakoni mwa pakiti, ndani ya mkunjo, pale gundi inapopita. Biskuti za kwanza kupitishwa ziliitwa Rafiki wa Kisukari. Ndani ya mkunjo zilikiri kwamba nusu yake ni sukari.

Mwandishi mmoja aliuliza ukweli huo atausoma nani.

"Kwani kuna aliyekatazwa kufunua?" Mkurugenzi alijibu, na Idara nzima ikapiga makofi.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine.

"Baba watoto, hizo biskuti unazila za nini? Sukari yako inapanda kila siku."

"Ndiyo maana nazila. Husomi? Rafiki wa Kisukari. Na muhuri ni wangu."

Mama watoto alichoka. Mume kudanganya watu alishazoea. Mume kujidanganya mwenyewe kisha akaomba na chai ya kushushia, hilo lilimzidi.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya, maana Mkurugenzi alikuwa ameutolea macho ukamishna. Aliutaka mpaka usingizini. Suti ilishashonwa. Kilichobaki ni kupimwa tu, kwa kuwa kamishna wa afya ya walaji haruhusiwi kuwa mgonjwa. Basi siku ya kupimwa akaketi kwenye benchi la kliniki, akamaliza pakiti nzima ili sukari ishuke upesi, akapangusa makombo, akaingia.

Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, alitazama kipimo, akakigongagonga, akachukua kingine.

"Mzee, umekula nini?"

"Dawa," akasema, akamwonyesha pakiti.

Daktari aliigeuza, akafunua mkunjo kwa ukucha, akasoma, akashusha pumzi.

"Sasa kwenye cheti niandike nini? Uongo siandiki."

"Nani kakuomba uongo? Fuata utaratibu. Mazuri juu, herufi kubwa. Mengine unajua pa kuyaweka."

Daktari akafuata utaratibu. Cheti kikaenda kwenye bodi ya uteuzi.

Siku ya sherehe ukumbi ulifurika. Mwenyekiti wa bodi aliusifia sana utaratibu wa mkunjo, akasema hata bodi imeamua kuutumia. Kisha akamkabidhi Mkurugenzi boksi linalong'aa, limeandikwa KAMISHNA MKUU. Mkurugenzi alilia kwa furaha, hakujificha. Akampa mkewe boksi amshikie, apate kupigwa picha.

Mama watoto hakuwa na habari na picha. Aliligeuza boksi, akalifunua kwa chini, akasoma kwa sauti ileile anayoulizia bei ya nyanya:

"Ladha ya ukamishna. Ndani hamna cheo, gari wala ofisi. Mhusika amestaafishwa kwa sababu ya sukari."

Mkurugenzi akamgeukia mwenyekiti.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tumekuambia, mheshimiwa," mwenyekiti akasema kwa upole, huku akiendelea kupiga makofi. "Kwani kuna aliyekukataza kufunua?"