Malalamiko Kuhusu Watu Waliofunua Keki ya Wakwe

Bertilla wangu anachumbiwa! Ndiyo, huyu huyu Bertilla mwalimu, kifungua mimba wangu, na wakwe wanakuja Jumamosi ijayo kujitambulisha. Nimeona nikueleze hilo kwanza, maana nikianza na salamu nitapasuka.

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, Mzee Adriano, shikamoo. Natumaini hujambo na kile kifua chako kimepata nafuu na baridi hii ya mwezi wa saba. Sisi hapa nyumbani hatujambo wote, isipokuwa keki. Kwa ajili ya hiyo keki ndiyo naandika.

Mimi ni Luciana, mke wa Baltazari fundi baiskeli, mkazi wa mtaa wako hapa Milanzi mwaka wa ishirini na sita sasa. Nilisoma mpaka darasa la saba na nikafaulu, nafasi za kuendelea ndizo zilizokuwa chache. Kwa heshima zote naleta mbele ya ofisi yako malalamiko dhidi ya majirani, ndugu, upepo, na mtu mmoja mwenye cheo ambaye nitamtaja nikifika kwake.

Utauliza keki imetoka wapi. Mchumba anaitwa Meshack, ni bwana mifugo, mtoto wa Mzee Sayi, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kule bondeni na ng'ombe wake zamani. Mama yake Meshack alinipigia simu Alhamisi, mama mstaarabu sana, akasema, "Dada, sisi tutakuja na maziwa yetu, msihangaike na chochote." Basi mdomo wangu, ambao haujawahi kuwa na breki, ukajibu, "Hapa kwangu mgeni hali mkate wa dukani! Nitawaokea keki kwa mkono wangu. Keki ya ulezi wa Ufipa, ya ghorofa mbili."

Bertilla alikuwa amesimama mlangoni. Akashika kichwa. "Mama, wewe umeoka keki lini?"

Nikamwonyesha ukutani. Cheti changu cha semina ya mapishi kipo pale kwenye fremu, pembeni ya picha ya harusi, na anayeingia kwangu hakosi kukiona kwa sababu namwonyesha. Semina ilikuwa ya siku tatu. Siku mbili tulifundishwa nadharia na nikaandika kila neno. Siku ya tatu ndiyo walioka, nami sikwenda, kulikuwa na msiba. Lakini cheti hakisemi hivyo.

Kwa hiyo jana Jumamosi nikasema nifanye jaribio, wakwe wasije wakawa wa kwanza kuonja. Usicheke, Mwenyekiti. Keki ikishindikana wale watu watasema wamekuja kuoa kwenye nyumba ya waongo, na atakayeishi na maneno hayo huko ugenini ni mwanangu. Mimi nitabaki hapa na cheti changu.

Keki ya mkaa ni sufuria ndani ya sufuria, mchanga katikati, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Ukishafunika, hufunui mpaka saa nzima ipite. Kwenye daftari nimelipigia hilo mstari mara mbili, kwa kalamu nyekundu. Sasa soma yaliyonipata.

1. Saa tatu na robo, dakika kumi tu tangu nifunike, alipiga hodi jirani yangu Margareth. Alikuja kuazima kinu. Kinu anacho, alikiazima kwangu mwezi wa tano. Akavuta pua: "Mama Bertilla, kinanukia nini humu?" Nikamwambia keki, lakini haifunuliwi. Akasema, "Sifunui, nachungulia tu." Mwenyekiti, mtu akinyanyua mfuniko wenye makaa kwa upindo wa kanga, akatia kichwa mpaka shingoni, na jivu likadondoka juu ya keki ya wakwe, hiyo ofisi yako inaiitaje? Yeye anasema amechungulia.

2. Saa tatu na nusu aliingia mama mkwe wangu, Bibi Coleta, ametoka Malangali kwa miguu. Huyu simlaumu yeye, nalaumu malezi yangu mazuri. Sisi Wafipa hatumsalimii mama mkwe tumesimama tunakoroga. Nilichutama, nikapiga makofi, nikamwamkia. Akanijulia hali. Nikamjulia hali. Akauliza habari ya kila mtoto, wa kwake na wa kwangu, kisha mbuzi, kisha shamba la mahindi, kisha yule mgonjwa wa mtaa wa pili ambaye alishapona mwaka jana. Makofi yangu yakawa yanaenda mbio, naye ya kwake ni ya pole pole. Nilipoinuka miguu ilikuwa imekufa ganzi na moshi ulikuwa mweusi. Naye akafunua sufuria aone kama mkwe wake anapika vizuri, akasema "Mh!" Hiyo "Mh!" imeninyima usingizi mpaka leo.

3. Mume wangu. Baltazari ana suruali moja ya misa, na kila Jumamosi anainyoosha kwa pasi ya mkaa. Alitafuta makaa uani akayakuta yametulia juu ya mfuniko wangu, akayachukua yote. Nilipompigia kelele alijibu bila hata kugeuka, "Wewe si una mengine chini?" Miaka ishirini na minane ya ndoa, Mwenyekiti, na bado hajui kwamba keki ina juu. Suruali ilinyooka vizuri sana, mstari wake unakata kidole. Keki ilibaki imepata joto la upande mmoja.

4. Gari la matangazo ya chanjo ya mbwa lilipita mara nne. Hatuna mbwa.

5. Upepo. Najua utasema upepo wa hapa Sumbawanga ulikuwepo kabla yako na kabla yangu. Sikatai. Ila upepo wa jana ulikuwa na nia. Nikiweka jiko upande wa jikoni unatoka jikoni, nikilihamishia nyuma ya choo unanifuata nyuma ya choo. Kwa hiyo kuna wakati nilikuwa naoka keki ya wakwe nyuma ya choo, nimevaa koti la Baltazari, nimekinga jiko kwa ubao wa kitanda. Naomba hilo lisiingie kwenye kumbukumbu za kikao.

6. Hapa naandika kwa unyenyekevu. Saa nne na dakika tano ulifika wewe mwenyewe, Mzee wangu, na daftari la kaya zenye vyoo bora. Nilikukaribisha kiti ukakataa, ukasema una haraka. Kisha ukauliza kwa nini kuna jiko nyuma ya choo bora. Nikakueleza. Ukasema, "Kama ni jaribio, basi serikali ishuhudie," ukafunua. Ukafunika. Ukafunua tena kwa sababu miwani ilikuwa imepata mvuke. Ukaniuliza kama ni kawaida katikati kuzama hivyo. Haikuwa kawaida, Mwenyekiti, ila nilikujibu kwamba ndiyo staili ya kisasa. Nisamehe kwa uongo huo, nilikuwa nimechoka.

Nilipoitoa, pembeni ilikuwa jiwe na katikati ilikuwa tope. Nilichoma kisu kikarudi kimevaa koti. Bertilla aliitazama, akasema taratibu, "Mama, tununue tu." Sijawahi kusikia neno linaloniuma kama hilo kutoka kwa mtoto niliyemsifia mtaa mzima. Maana najua alikuwa ananionea huruma, na mimi nimezoea kuonewa wivu.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo:

Kwanza, hodi zipigwe marufuku mtaani kuanzia kesho mpaka wakwe waondoke. Mwenye shida ya kusalimia apunge mkono kutoka barabarani asonge mbele.

Pili, kufunua sufuria ya mtu liwe kosa sawa na kusogeza mpaka wa shamba.

Tatu, pasi ya Baltazari ishikiliwe ofisini kwako.

Nne, uandike kwa wakubwa huko juu kuhusu ule upepo. Wasipojibu, basi Jumamosi ya mtaa wetu ihamishiwe Jumanne, ambayo huwa imetulia.

Tano, ujiite ofisini, ujikalishe, ujionye kwa maneno makali, kisha ujisamehe, kwa sababu bado tunakuhitaji.

Nisalimie mama hapo nyumbani, wajumbe wote, yule kijana wa mashine ya kusaga, na hata Margareth, ukimwona kabla yangu. Mwambie salamu ni zake ila kinu ni changu.

Ni mimi mwananchi wako mtiifu, mwenye cheti,

Luciana, Mama Bertilla

Baada ya sahihi: Nilikuwa nimeshaikunja barua nikamsikia Bibi Coleta jikoni anafungua makopo. Alilala hapa. Anatafuta kimea, ule unga wa ulezi uliooteshwa, alichonitwangia mwenyewe wiki iliyopita, cha pombe ya wakwe. Akaja mbele yangu na kopo mkononi. "Mama Bertilla, unga wa ulezi huu hapa, haujaguswa. Kimea changu kiko wapi?"

Macho yangu yakaenda yenyewe kwenye keki.

Akayafuata, akachota pale katikati kwa kidole, akaonja, akafumba macho. "Mwanangu," akasema, "umeoka pombe."

Mwenyekiti, nafuta namba moja mpaka sita. Kimea kisingeshikana hata ningekiokea ndani ya benki, milango imefungwa, na mlinzi amesimama. Margareth hana kosa, upepo hauna kosa, wewe huna kosa, na ile "Mh!" ilikuwa na haki yake. Kuhusu Baltazari, naendelea kufikiri.

Kumbe wakati mimi najificha uso kwenye kanga, Bertilla alishampigia simu mama yake Meshack akamweleza yote, cheti, choo, na kimea. Nilitaka kumpokonya simu nikachelewa. Yule mama alicheka mpaka simu ikamponyoka, tukabaki tunasikia ng'ombe tu. Alipoiokota akaomba aongee na mimi. Akasema, "Dada yangu, tangu Alhamisi nilikuwa silali, naogopa nitakaaje na watu wa keki za ghorofa. Leo nimepona. Hiyo keki msiitupe, nataka niione kwa macho yangu, na tuicheke wote tukiwa tumekaa." Bertilla alikuwa amenishika bega, anacheka na machozi, naye si mtu wa kulia.

Basi marufuku ya hodi haipo tena. Bibi Coleta anaotesha ulezi mwingine leo hii kwa ajili ya togwa, pombe haitawahi. Margareth aje na sufuria yake kubwa, wewe uje na yale mabenchi ya ofisi na miwani yako, na kila atakayefika afunue anachotaka kufunua. Mtaa mzima nawasubiri kwangu Jumamosi, tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi.