Nafasi Yangu Karibu na Jiko

Jumanne, 9 Septemba
Nimefika Leh, kwetu milimani, kwa ndege, baada ya miaka kumi na moja ya Delhi. Hewa nyembamba. Jua kali. Milima ile ile, imeninunia. Watalii wameketi juu ya mabegi yao wanahema, nikawacheka. Mama akaniambia nilale siku mbili, maana hata mzaliwa akikaa sana bondeni, mapafu husahau. Nilale, mimi? Nikajitwika sanduku nikapanda ngazi za nyumbani mbele ya Yangdol, binti wa jirani yetu Mzee Paljor. Ndiye aliyenirudisha huku. Ngazi ya tisa nikatapika. Yangdol akalipandisha sanduku kwa mkono mmoja.

Alhamisi, 11 Septemba
Kichwa bado kinagonga, lakini mpango umeiva. Jumamosi mjomba anamwoza binti yake, na Mzee Paljor atakuwepo. Mzee humpima mtu kwa umbali wake na mlango: wa maana huketi karibu na jiko, wasio na lolote huketi mlangoni. Lundup, yule dereva wa lori, naye anamtaka Yangdol. Lazima nimpite. Nitakaa chini kabisa, mlangoni, kwa unyenyekevu, watu wanivute juu, kwenye jiko. Mwenye adabu hukataa mara tatu, ya nne anakubali. Mcheza kwao hutunzwa.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimeketi mlangoni, kando ya lundo la viatu. Nikangoja. Lundup akaja kujikunyata pembeni yangu. Wanaume watatu wakamkamata, akapinga, wakamburuta hadi karibu na jiko kofia ikimdondoka. Kisha mtu akanivuta mkono. Hatimaye! Nikakataa kwa sauti. Kumbe nimekalia kiatu chake. Shangazi akanipita mara mbili na chai ya siagi. Akawaambia wenzake, “Huyo mwacheni hapo hapo apate upepo, asije akatutapikia.” Nimeona wivu hadi machozi.

Jumapili, 14 Septemba
Mzee Paljor ameniita kwake. Akasema jana vijana wote walijifanya wanakataa heshima huku macho yakiwa kwenye jiko. Mimi peke yangu nilikaa na viatu bila kinyongo. Yangdol ananitaka, mzee hajui kaona nini, ila yeye hana neno. “Haya mwanangu, utamchukua?”

Furaha ikanijaa nusura nimkumbatie. Lakini adabu kwanza. Nikainamisha kichwa, nikasema hapana, mimi sistahili.

Mzee akasema sawa, binti yake halazimishwi kwa mtu, na watu wa Lundup wameshaleta pombe ya posa. Yangdol akafunga mlango wa jikoni kwa kishindo.

Nikatoka polepole sana, nikiwapa muda wa kunivuta. Nimefika hadi nyumbani. Hakuna aliyenivuta.

Nimefikiri, na kosa nimeliona. Nilikataa mara moja tu. Kesho asubuhi narudi, nikakatae mara mbili zilizobaki.