Uzinduzi wa Kituo cha Kitenzi cha Huruma

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye amenituma nimwakilishe, Mheshimiwa Makamu wake, ambaye naye amenituma nimwakilishe, Ndugu Katibu Mwandamizi wa Masuala Mtambuka, Ndugu Mpigapicha, wazee wetu mliopata viti na vijana wetu mliopata dirisha, na kwa namna ya pekee kabisa Mama yetu Mwalimu Mstaafu, mwenye sebule hii tuliyomo: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Nimesimama mbele yenu, juu ya sanduku hili ambalo Mwalimu ameniomba mara tatu nishuke, kuzindua rasmi Kituo cha Kimkakati cha Kitenzi cha Kigiriki cha Huruma, ambacho kwa mujibu wa takwimu nilizoziandaa garini ni cha kwanza kati ya mia moja. (Makofi.) Kitenzi chenyewe ni splankhnizomai. Nimekifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo, na mke wangu ni shahidi kwamba kioo kililowa. (Kicheko.)

Upembuzi yakinifu, yaani maelezo ambayo Mwalimu alimpa dereva wangu huku mimi nimesinzia, umebaini kwamba kitenzi hiki ni adimu. Katika Agano Jipya kimo mara kumi na mbili tu, zote ndani ya Injili tatu za mwanzo, na asili yake ni neno la viungo vya ndani: moyo, maini, mapafu, figo, vile vile ambavyo watu wa kale walivitoa kwenye mnyama wa sadaka. Kwa hiyo si huruma ya mdomoni. Ni huruma inayokukamata huku ndani mpaka unashindwa kukaa, na Mwalimu anasema karibu kila inapotajwa kuna jambo linafanyika papo hapo: mgonjwa anaguswa, wenye njaa wanalishwa, majeruhi wa njiani anafungwa vidonda. Mimi binafsi niliisikia jana baada ya chakula cha mchana, nikajilaza mpaka ikapita. (Kicheko. Mwenyewe hacheki.)

Naona Mwalimu amenyoosha mkono tena. Mama, tumekusikia. Umekusanya kadi za maelezo ya kitenzi hiki miaka thelathini na moja, kadi elfu nne za mwandiko wako, hazina nakala, na unachoomba ni mabati mawili kwa sababu paa linavuja. Nakuhakikishia kwamba suala la mabati limepokelewa kwa moyo mkunjufu, limeundiwa kamati, na kamati imekwenda ziara ya mafunzo kutazama mapaa yasiyovuja, ikarudi imefurahi sana. (Makofi ya kamati. Mvua inaanza. Tone linaangukia hotuba.)

Dereva, lete mwavuli. Si kwa Mwalimu, kwa maikrofoni. Hapana, Mama, nikishuka watu wa nyuma hawataniona. Hiyo nailoni iliyokuwa juu ya sanduku niliitoa mwenyewe, ilikuwa inateleza. Kwani humu ndani kuna nini?

(Mwalimu anasema, "Kadi zangu, mwanangu. Zote zimo humo unapokanyaga." Dereva anaweka mwavuli chini, anamshika mheshimiwa kiunoni, anamnyanyua, anamtua pembeni, anavua koti lake na kufunika sanduku. Makofi marefu.)

Asanteni, asanteni. Mmeona wenyewe nilivyoshuka kwa unyenyekevu. Sasa nikisema "Huruma kwanza", mnajibu "Mchakato uendelee". Huruma kwanza! (Kimya.) Mtajibu kwa maandishi.

Nihitimishe kwa kumshukuru Mwalimu kwa sebule, meza, viti na kadi, maana Kituo chenyewe hakina kiwanja, hakina jengo wala mfanyakazi, na jina lake nimelipata leo asubuhi nikinyoa ndevu. Utepe tunaurudisha dukani kabla haujalowa. Asanteni kwa kunisikiliza. Dereva, tuondoke.

(Dereva amepanda juu ya kiti, ameshika sufuria chini ya tundu la paa. Mwalimu anamshikilia kiti.)

Dereva?