Hotuba ya Mkurugenzi Asiyezeeka Siku ya Kuzindua Besiboli ya Kompyuta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Naibu wangu, aliyepata udhuru. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, vitengo vidogo na vitengo vinavyotarajiwa. Na ninyi mliosimama nyuma kwa kuwa viti vimewekewa mikoba ya waheshimiwa: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Ya dereva wake.)

Ofisi yangu, kwa kushirikiana na ofisi yangu, imekamilisha kwa asilimia mia moja na nne Programu Jumuishi ya Kimkakati ya Besiboli ya Kompyuta, ambamo wachezaji wanakua na kuzeeka kama binadamu: wa miaka kumi na tisa anajifunza kupiga mpira msimu hadi msimu, akikaribia thelathini anakolea, akipita thelathini na tano magoti yanagoma, mwishowe anastaafu. Wataalamu wangu arobaini wamelifanyia hilo utafiti wa kina! (Nami huku nyuma, karibu na waya wa kompyuta, najiuliza: wataalamu gani? Ni binti yangu, peke yake, mezani kwangu kando ya cherehani, miaka mitatu! Hata mimi alinipima ninavyotunga uzi kwenye sindano: mwaka juzi nilipatia mara ya kwanza, mwaka huu mara ya nne. "Usichukie, mama, ni data." Nichukie nini? Mtoto ana kichwa huyu! Na kwenye mwaliko hawakumtaja hata kwa herufi moja.)

Hata hivyo, katika kuboresha uhalisia, nimetoa waraka kwamba mchezaji atazeeka kwa mujibu wa cheti cha kuzaliwa, si kwa mujibu wa magoti, na cheti kinaweza kurekebishwa ofisini kwangu saa za kazi. Mimi mwenyewe, mwenye miaka hamsini na minane, (Sauti nyuma: "Hata mwaka juzi ulikuwa na hiyo hiyo, mzee!") niliyeitumikia idara hii miaka arobaini na mitatu, ("Kumbe uliajiriwa ukiwa na kumi na mitano! Kaptula ulivua lini?" Kicheko.) nimeagiza niingizwe humo kama mchezaji nambari moja, ili mshuhudie ubora usiochakaa. Binti, washa!

(Mwanangu akawasha. Mchezo wake hausomi vyeti: unamwanzisha kila mtu na miaka kumi na tisa, kisha unahesabu misimu aliyokaa uwanjani. Ukutani yakatokea maandishi makubwa: MKURUGENZI. UMRI: SITINI NA MIWILI. KASI: SIFURI. AMESTAAFU. Ukumbi ukalipuka. Dereva wake naye alicheka mpaka kofia ikadondoka.)

Hiyo ni hitilafu ya mtandao! Tuendelee! Besiboli? Mnajibu: Mbele! Uhalisia? ("Staafu!") Mkurugenzi? ("Staafu!")

Kwa kumalizia, natoa shukrani za dhati kwa binti huyu na mama yake, fundi wa kushona, kwa kutuazima kompyuta, waya, na, kwa kiasi fulani, mchezo wote. Na kwa heshima na taadhima namsihi mama yetu asiguse ule waya wa umeme pale ukutani, kwa sababu akiuchomoa, kusema kweli, idara haina mradi mwingine wowote.

(Nikauchomoa.)