Kahawa ya Sheikh Yaqut

Jumatatu, 2 Agosti 1971
Leo nimetoa ahadi mbele ya watu. Nimemwambia Bi Nunu kahawa ya Alhamisi aniachie mimi. Mji mzima kahawa hakuna, barazani watu wanakunywa maji ya tangawizi. Lakini mimi Darwesh, karani wa bandari ya Malindi, hapa Unguja! Kila kinachoshuka kinapita mbele ya pua yangu.

Khelef mtengeneza saa alikuwepo. Kaleta fungu la mdalasini kutoka shamba kwao. Vijiti! Mwanamke anaposwa kwa vijiti?

Jambo lenyewe ni hili. Bi Nunu ni mjane, nnataka kumuoa, na Khelef naye anataka. Ila Bi Nunu ana ruhani, Sheikh Yaqut, jini wa Kiarabu kutoka Hudaida, Yemen, na bila ya ruhusa yake haolewi. Alhamisi Sheikh atapandishwa, aulizwe. Mpenzi wa kahawa huyo, hana mfano. Basi mwenye kahawa ndiye mwenye mke.

Jumanne, 3 Agosti
Meli imeingia. Saruji, majembe, viberiti. Kahawa hata punje! Nimepekua mpaka mkuu wa ghala akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia kalamu.

Sikutishika. Simai, hamali wetu, mtu wa Mwera, kaniambia kwao siku hizi wanakaanga mbegu za mnukauvundo, wanatwanga, wanakunywa. Ladha ya kahawa khasa. Kanionya tu nizikaange mpaka ziwe nyeusi, mbichi zinadhuru.

Mnukauvundo! Umeota mpaka nyuma ya choo chetu. Mama akituogesha majani yake tukiwa na upele. Na mizizi akiitundika mlangoni mtoto akizaliwa, majini wasikaribie. Lakini hayo ni majani na mizizi. Mimi nnataka mbegu. Mambo mbali kabisa.

Jumatano, 4 Agosti
Nimeaga kazini kuwa jino linaniuma. Nimekwenda Mwera kwa baskeli, nimerudi na nusu gunia. Toka adhuhuri nakaanga uani. Moshi huo! Bi Tabia, mama mwenye nyumba, kateremka kajiziba pua kwa kanga, akauliza nachoma maiti gani. Nikasema shikamoo, Bi Tabia, hii kahawa. Akasema marahaba, na wewe ni mwongo.

Nimetwanga, nimetia iliki na tangawizi, nimeonja. Subhanallah! Nyeusi, chungu, inapanda kichwani. Hata mtu wa Hudaida hatajua.

Alhamisi, 5 Agosti, asubuhi
Bi Tabia kaja kuniomba radhi. Miaka sita jinamizi linamkaba kila alfajiri, na leo kalala mpaka jua limetoka. Anataka nikaange tena. Unaona? Moshi wa kahawa yangu peke yake unastarehesha wazee. Sheikh Yaqut akinywa itakuwaje!

Kanzu nshapiga pasi. Khelef namuonea huruma.

Ijumaa, 6 Agosti
Naandika haya. Kwa hasira, si kwa majuto.

Jana alasiri chano kilikuwa tayari: halua, mayai, zabibu, marashi. Bi Mwanakheri, fundi wa majini, akafukiza udi. Mimi na Khelef tumekaa ukumbini, pazia wazi nusu. Bi Nunu akaanza kutikisika. Sauti ikawa nzito, ya kiume. Sheikh anakuja! Akapewa kikombe changu. Akapiga funda moja.

Bi Nunu kafumbua macho, kapiga chafya mbili, kauliza kama kuna chochote cha kula. Wakafukiza tena, wakamwita Sheikh kwa Kiarabu, wakamwita mara tatu. Wapi! Bi Mwanakheri akanusa kikombe, akaniuliza kahawa hii ya wapi. Nikasema Hudaida. Akasema ana miaka thalathini katika kazi hii, na mnukauvundo anaujua hata kafumba macho, maana ndio anaofukuzia majini. Sheikh Yaqut keshakwenda zake, na harudi.

Sikutishika. Nikasema basi vizuri, kizuizi kimeondoka. Hapo ndipo Bi Mwanakheri aliponieleza. Mwezi uliopita Sheikh alipanda akasema hataki mume mwengine ila Darwesh. Bi Nunu mwenyewe anamtaka Khelef, siku zote anamtaka Khelef. Jana walikusudia kumbembeleza Sheikh abadilishe kauli.

Mtu wangu pekee katika nyumba ile! Na nimemfukuza kwa mkono wangu mwenyewe, na iliki juu yake. Bi Nunu katoka uso unameremeta, kanishukuru mbele ya watu. Khelef kanipa mkono. Nimelia njia nzima mpaka Darajani, nasema kweli.

Jumamosi, 14 Agosti
Jana wameoana. Khelef alinitaka nilete kahawa, akasisitiza ya kweli. Nikamwambia jino.

Lakini wiki nzima nimefikiri, na kosa nimeliona. Iliki! Ilikuwa nyingi, ndiyo iliyomchukiza Sheikh. Ningetia mdalasini, leo mimi ndiye bwana harusi.

Na sasa habari. Bi Ruqaya wa Kiponda, mjane, mpole, ana maruhani watatu. Watatu! Nimechunguza kwa Bi Mwanakheri: wawili wameshanitaja kwa wema, na wa tatu anaelekea kukubali. Wote wapenzi wa kahawa.

Nshamwambia Bi Ruqaya kahawa aniachie mimi. Mbegu bado ninazo robo gunia, na mdalasini nitamwomba Khelef.